Picha Yangu Mbele ya Nyumba Isiyouzwa

Ninyi mnaouza nyumba kwa kidole, mimi niliziuza kwa miguu. Nimestaafu majuzi. Magoti ndiyo yaliyoamua, mimi nikakubali tu. Espérance, ambaye mtamjua mbele kidogo, amenisihi niwaandikie ninyi makomisionere wapya jinsi kazi ilivyokuwa huku Masisi na Walikale katika hii miaka ya vita. Nikamuuliza anataka niseme nini. Akajibu, "Byote, Mama Odette, ila usianze na Adamu." Basi nitaanza na maziwa.

Kwa asiyejua, komisionere ni yule anayemkutanisha mwenye nyumba na mwenye kuitafuta, kisha akalaumiwa na wote wawili. Sikusomea kazi hiyo. Sisi ni wakulima wa milimani, maharage na ng'ombe, na mimi nilikuwa nikiteremka Masisi-centre kila asubuhi na bidoni ya maziwa, nikipita mlango kwa mlango. Mwuza maziwa anajua mambo mengi bila kuuliza, na mimi nilikuwa nauliza pia. Nilipenda kujua. Mama yangu alisema ulimi wangu utaniponza, lakini mpaka leo umenilisha.

Mwenye duka kubwa pale barabarani alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa kufunga duka kengele ya misa ikilia hata kama mteja ameshika sabuni mkononi. Lori lake lilipeleka maharage Goma na kurudi na chumvi na mabati. Alikuwa pia na nyumba za kupangisha, zake na za wengine. Siku moja aliniita barazani.

"Mama ya maziwa," akasema, "juu ya nini weye unajuaka nyumba itabakia wazi mbele mwenyewe hajaambia muntu?"

"Iko mwepesi, Papa. Muntu mwenye kuhama haombake maziwa ya wiki inayokuja."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu yote. Anayekaa huniambia, "Kesho lete, na wiki inayokuja ongeza." Anayetaka kuondoka hununua ya leo, anatazama pembeni, anasema tutaonana. Katika miaka ya vita watu hawatangazi safari. Maziwa ndiyo yaliyowatangaza.

Papa Kasereka alicheka mpaka miwani ikateleza puani. "Tupa ile bidoni," akasema. "Weye iko komisionere."

Bidoni sikuitupa. Ilikuwa nzima, haivuji, na kwetu hatutupi kitu kizima kwa sababu tajiri amecheka.

Siku ya kwanza ya kazi alinipeleka kuona nyumba ya mbao aliyotaka kumpangishia mwalimu mmoja. Nilivaa kitenge kizuri. Nilikuwa nimejiandaa kutazama bati, milango, choo, kila kitu. Papa Kasereka akaipita ile nyumba kama hakuiona, akaingia kwa jirani, akaomba maji ya kunywa. Tulikaa pale muda mrefu. Aliuliza habari za maharage, za watoto, za mbwa, na ni nani anayefagia njia ya pamoja. Mimi nilikuwa nimechoka kungoja, nachungulia ile nyumba yetu kupitia ua wa miyenzi, ile miti ya mpakani yenye utomvu mweupe. Alipomaliza maji akashukuru, tukaondoka.

"Papa, na nyumba?" nikauliza.

"Nyumba nimeshaiona."

"Hata hatukuingia!"

"Bati ikitoboka, unaweka ingine," akasema. "Jirani akitoboka, utaweka nini?"

Nilidhani ni mzaha wa mzee. Lakini mnajua desturi yetu, na kama hamjui, jifunzeni kabla ya kununua simu. Huku parsele, yaani kiwanja na kilichomo, haiuzwi kwa karatasi peke yake. Muuzaji huleta kasiksi, pombe ya ndizi, majirani wa pande zote hutembea mpakani pamoja naye na mnunuzi, mti kwa mti, kisha huketi na kunywa. Jirani akinywa, ameshuhudia. Jirani mmoja akikataa kunywa, uuzaji umekufa papo hapo, hata kama karatasi ina mihuri ya rangi zote. Karatasi inaweza kuungua, na huku zimeungua nyingi. Majirani hawaungui wote kwa mara moja.

Tangu siku ile swali moja liliniingia kichwani na halijatoka: mtu akitafuta nyumba, anatafuta nini hasa? Kila mteja nilimtazama kwa swali hilo, na karibu kila mmoja alinishangaza.

Walikale ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Papa Kasereka alinituma huko wakati mawe ya madini ya bati yalipokuwa yakichimbwa msituni na kila mtu mwenye mfuko alitaka chumba. Ndege zilikuwa zinatua barabarani, kwenye kipande cha lami. Magari yanakaa pembeni, mbuzi wanafukuzwa, ndege inashuka. Nilisimama kutazama kila mara kama mtoto, hata nikachelewa kwa wateja. Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa buti za mpira, kamba ya nailoni yenye mafundo ya kupimia parsele, na mdomo. Kwa mvua ya Walikale, buti zilikuwa na thamani kuliko mdomo.

Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa mawe, mtu mkubwa, mpole, aliyetaka nyumba isiyo na jirani. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayemshinda Papa Kasereka. Nilimtafutia moja pembeni kabisa, msitu unaanzia mgongoni mwake. Alifurahi, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kabla hata sijasahau njia ya kwenda huko, akaja kunitafuta sokoni, macho mekundu.

"Mama, nitafutie ingine. Vyura tu njo binanisalimiaka."

Nilimpeleka kwenye chumba kilichobanwa kati ya kwaya ya kanisa upande mmoja na mwoka mikate upande wa pili. Kelele asubuhi, kelele jioni. Alikaa hapo kwa raha mpaka risasi zilipotutoa sote. Nilimuuliza kabla hatujaachana kwa nini mwanzoni alitaka kukaa peke yake.

"Nilizania nimechoka na bantu," akasema. "Kumbe nimechoka na vita tu."

Ile sentensi nimeibeba kuliko kitu chochote nilichotoka nacho Walikale. Nilirudi Masisi na buti na kamba. Kazi yetu ni ya ajabu wakati wa vita: kila mtu anatafuta nyumba, na nyumba tupu ni nyingi, ila haziko mahali pamoja na watu. Hapa kijiji kizima kimebaki na kuku wawili. Kule Kashuga watu wamejaa chini ya mahema ya plastiki. Nilifika Kashuga kumtafuta mwenye parsele fulani, na mama mmoja wa kambini, aliposikia mimi ni komisionere, hakuniomba nyumba. Aliniomba nimtafutie nafasi ya hema karibu na jirani yake wa kijijini. Nikaanza kuona mwanga wa jibu langu, lakini bado sikujua la kuufanyia.

Kisha simu zikaja. Kwanza zile ndogo, ambazo tulipanda nazo kilimani kutafuta rezo, yaani mtandao, tumezinyanyua juu kama tunabariki mvua. Halafu zikaja zile za kioo, na pamoja nazo akaja Espérance.

Espérance alikuwa amepangisha nyumba Goma kwa miaka, akamfuata mumewe muuguzi huku Masisi. Mwanamke mzima, mwenye maneno machache na vidole vya haraka. Kabla hajamaliza kufungua masanduku, akanichukulia wateja, watu niliokuwa nimewatembeza kwenye matope. Walimwona kwenye simu, wakampigia, wakahamia. Nilikasirika, sifichi. Nilifunga kitenge nikaenda kwake kumwambia yake. Njiani hasira ikapungua na udadisi ukapanda, na nilipofika mlangoni nikajikuta nasema, "Dada, unafanyaka je?" Kuuliza si ujinga.

Akanyoosha mkono. "Leta simu nione profili yako."

Nikampa. Akaangalia. Akaangalia tena. Akaita mumewe aje kuangalia, nikajua mambo si mazuri.

Jina langu pale lilikuwa Odette Fleur de Grâce. Picha haikuwa yangu, ilikuwa ya waridi lenye umande, kwa sababu niliona wengine wameweka waridi. Chini niliandika kwamba mimi ni wakala wa nyumba wa kimataifa, na mimi kusini sijawahi kuvuka Bukavu. Nilikuwa nimeweka picha ya jumba la ghorofa nililolipata sijui wapi, lenye bwawa la kuogelea. Masisi wanaoogelea ni ng'ombe tu.

"Nani anakupigiaka?" akauliza Espérance.

"Banaume. Banataka kunioa."

"Unaona? Banataka kuoa lile ua. Nyumba hakuna mwenye anaitafuta."

Akanifundisha, na nawapa ninyi kama nilivyopewa. Weka jina ambalo watu wanakuita sokoni. Mimi nikawa Mama Odette wa Masisi. Weka uso wako, utazame mbele, usicheke sana wala usinune. Sema unafanya kazi wapi, na usiongeze hata kijiji kimoja usichokijua njia yake. Futa kioo cha kamera kwa kitenge kabla ya kupiga. Usipige mapema, ukungu wa Masisi utafanya kila nyumba iwe ya mizimu. Ngoja jua lipande. Onyesha njia ya kufika na mahali pa maji kabla ya kuonyesha sebule. Ukiulizwa, jibu, hata kama ni kusema "bado sijajua." Na usipige picha karibu na kizuizi cha wenye bunduki, maana utapata wateja usiowataka na utapoteza simu.

"Na foto yako tutaipiga wapi?" akauliza.

Tulitembea tukitafuta ukuta mzuri. Kulikuwa na nyumba ya mbao iliyopakwa buluu, imefungwa, mwenyewe alikimbia siku mapigano yalipoingia centre. Ile buluu ilikuwa bado inawaka juani. Nilimjua mwenye nyumba, Mama Kahindo, mjane, mteja wangu wa zamani wa maziwa. Nikasimama mbele ya mbao zake, nikanyoosha kitenge, Espérance akapiga. Ilikuwa picha nzuri. Nilionekana mtu wa kuaminika, hata mimi ningejipa funguo.

Tuliiweka. Kabla ya mchana simu ikaanza kulia na kulia, na Espérance akafurahi, akadhani ni wateja. Walikuwa wanacheka. Nyuma ya kichwa changu, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama magunia, ilikuwa imeandikwa: NYUMBA HII HAIUZISHWE.

"Komisionere ya haiuzishwe!" mmoja akaandika. Mwingine akauliza, "Mama, uko na ingine yenye haiuzishwe, nimpelekee bibi yangu?"

Msitucheke sana. Mgeni angeyaona yale maneno mara moja. Sisi hatukuyaona kwa sababu kwetu yameandikwa kila mahali. Kila anayekimbia na kuogopa nyumba yake kuuzwa nyuma ya mgongo wake huandika hivyo ukutani, kwa rangi, kwa makaa, hata kwa mafuta machafu ya lori. Miaka imepita tunatembea katikati ya maneno hayo mpaka macho yameacha kuyasoma. Ni Masisi tu ambapo wauza nyumba wawili wanaweza kuchagua ukuta huo na kuona buluu peke yake.

Espérance alitaka kuiondoa mara moja. Nilikuwa nimemkubalia. Ndipo ikaingia simu kutoka namba nisiyoijua, na sauti ya mwanamke, karibu na makelele ya soko.

"Mama Odette? Njo miye. Mama Kahindo. Niko Shasha kwa dada yangu."

"Mama Kahindo! Uko muzima?"

"Ile nyumba nyuma yako. Njo yangu?"

"Iko yako."

"Leo? Ile foto iko ya leo?"

"Ya leo asubui."

Nikasikia analia, kisha anacheka, kisha vyote viwili pamoja. Shemeji yake Janvier, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amempigia na kumwambia nyumba imekwisha, mbao zote zimepasuliwa kuni, umebaki udongo mtupu. Akamwomba akubali auze huo udongo, na Mama Kahindo, peke yake Shasha na watoto, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akakubali. Kwa nini kung'ang'ania udongo? Sasa ameona mbao zake zote, dirisha lake, na maandishi aliyoandika kwa mkono wake siku ya kukimbia.

"Nilipaka ile buluu na bwana yangu," akasema. "Mama, banaiuzisha siku gani?"

Nilijua, mji wetu ni mdogo. Jumapili hiyo, baada ya misa. Kasiksi ilikuwa imeshaagizwa. Mnunuzi nilimjua pia, na hapo moyo ulinishuka: ni Papa Kasereka, aliyetaka depo ya kuwekea bidhaa zake karibu na barabara.

Nilimtafuta. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye matope ya njia ya Sake, na huko hakuna rezo. Nilifikiri kwenda kuwaambia majirani peke yangu, nikasita. Ningesema nini? Janvier ni ndugu wa ukoo, mimi ni komisionere tu, tena wa waridi na bwawa la kuogelea. Neno langu dhidi ya neno la shemeji lingeanguka. Wangesema wasemavyo siku zote juu ya waliokimbia: asiyekuwepo na lake halipo. Niliogopa kweli. Niliogopa kumpoteza Papa Kasereka mbele za watu, na niliogopa zaidi kumpigia yule mama jioni ya Jumapili nimwambie imekwisha.

"Basi awepo," akasema Espérance. "Yeye mwenyewe."

Jumapili tulifika pale tumevaa nguo za kanisa. Papa Kasereka alikuwa ameshuka kwenye lori asubuhi hiyohiyo, matope mpaka magotini, moja kwa moja misani, kisha hapa. Alinipungia mkono kwa furaha. Wakatembea mpakani, miyenzi kwa miyenzi: Janvier, Papa Kasereka, Papa Bauma wa upande wa juu, Mama Zawadi wa upande wa chini, na wengine. Sisi wawili hatukutembea. Tulikuwa tunazunguka uwanja tukitafuta rezo. Tuliipata kwenye kona moja tu, juu ya jiwe la kufulia, na Espérance akapanda akasimama hapo na viatu vyake vya misa, mkono juu.

Wakaketi. Janvier akamimina. Papa Bauma akapokea kikombe, na ni desturi yeye wa juu aanze.

"Papa Bauma, ngoja," nikasema. "Kuko muntu moja hatujamuuliza."

Janvier akakaza uso. "Nani? Bote beko hapa."

"Mwenye nyumba."

"Mama Kahindo alikubali. Na miye njo bwana ya familia."

Nikamtazama Espérance. Simu ilikuwa wazi, sauti imefunguliwa yote, na hakuna kitu. Upepo tu. Nikaona Janvier anaanza kutabasamu. Nikaona Papa Bauma anakitazama kikombe. Kisha kutoka juu ya lile jiwe ikaja sauti, imekatika kidogo, lakini kila mtu pale aliijua.

"Papa Bauma. Ule muti wa avoka yako ungali unaangushaka kwangu?"

Papa Bauma akasimama wima. Akavua kofia, sijui alimvulia nani, alivulia jiwe la kufulia.

"Unaangushaka, Mama. Nakuwekeaka..." Akasita. Ni Mkristo. "Apana. Nakulaka. Lakini njo zako."

"Kula, Papa. Avoka, kula. Ila pombe ya leo, usikunywe. Balinidanganya ati nyumba ilikwisha. Sikubali."

Papa Bauma akakigeuza kikombe, pombe yote ikaingia udongoni, akakiweka chini kimefunikwa. Mama Zawadi akafunika chake. Vikombe vikafunikwa kimoja baada ya kingine.

"Simu haiko muntu!" Janvier akapiga kelele. "Asiyekuwepo na lake halipo!"

Wote tulikuwa tunamwangalia Papa Kasereka, kikombe chake bado mkononi. Alikuwa ameinua uso anatazama ukuta wa buluu. Akapangusa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, maneno yale mekundu.

"Miaka yote napitaka hapa na lori," akasema. "Leo njo ninayasoma." Akafunika kikombe chake kando ya vingine. "Janvier, rudisha kasiksi yako kwenu. Miye sitaki nyumba yenye mwenyewe analia ndani ya simu."

Kisha akanigeukia, nami nikajiandaa kusikia chochote.

"Nilikufundisha kwenda kwa jirani," akasema. "Haukunywa hata maji leo. Kuja dukani, nikupe."

Nilikunywa maji yale dukani kwake. Janvier alikuwa amekimbia mara nyingi kama sisi sote, ana watoto, na vita vilimfundisha kushika kilicho karibu. Nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Habari ilitembea kuliko pikipiki. Walionicheka kwenye simu wakaanza kuniuliza nyumba. Mtu wa Goma, ambaye hajawahi kuniona, aliniandikia: anataka kununua kwa mama yule anayesimama mbele ya nyumba isiyouzwa. Nikaacha kuweka picha za vyumba vitupu. Niliweka majirani. Kwa kila nyumba nilipiga picha ya watu wa pande zote, wamesimama mpakani kwao, na video fupi kila mmoja akisema jina lake na kitu anacholima. Espérance alisema hakuna aliyewahi kufanya hivyo Goma. Wateja walitazama na kuchagua: "Nataka pale kwa yule mama mwenye anacheka." Bati hawakuuliza. Jibu la swali langu lilikuwa pale barazani tangu siku ya kwanza, pamoja na maji ya kunywa, ila nilitembea mpaka Walikale na kurudi ndipo nikalikuta.

Espérance alitaka sasa tupige picha mpya ya profili, ya kikazi zaidi, bila maandishi. Nilikuwa tayari. Mama Kahindo akapiga simu kabla.

"Mama Odette, nakuomba. Usiondoshe ile foto. Asubui mbele ya kwenda kwa samaki, nafunguaka simu naangalia nyumba. Njia ingali imefungwa, siwezi fika. Uniachie pale."

Nikaiacha. Njia ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Mapigano yalikwenda na kurudi. Mimi nilizeeka na picha haikuzeeka, na wateja walipokutana nami walitazama nyuma yangu wakimtafuta yule mwingine. Kila nilipopita kwenye ile nyumba nilisimama kutazama kama mbao zipo zote, na nilipozikuta nilifurahi kama ni zangu. Espérance alinikumbusha mara nyingi kwamba kanuni ya kwanza ya profili ni picha isiyopitwa na wakati. Nilimwambia hii haijapitwa, kuna mtu anaishi ndani yake.

Nilipostaafu nilimkabidhi Espérance kila kitu: wateja, kamba ya mafundo, na profili. Buti zilikuwa zimekufa. Nilimwekea sharti moja, ile picha isiguswe, hata kama uso si wake. Alikubali, akalalamika, akakubali tena.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, nikitafuta maneno ya kuwaaga, asubuhi hii Espérance akanipigia. Alikuwa anakimbia kidogo, nasikia pumzi. Kuna ujumbe umeingia kwenye profili, akasema, niusome mwenyewe. Akanitumia.

"Mama Odette, sasa unaweza ondosha ile foto. Niko ndani ya nyumba. Batoto banalala chini lakini beko ndani. Papa Bauma aliniletea avoka. Maziwa, naomba ya leo, na ya wiki inayokuja."

Nimeusoma mara nyingi, hasa mwisho wake. Magoti yanalalamika, lakini bidoni, kama nilivyosema, sikuitupa.